Mwanao amepata nafasi ya mafunzo; nauli italipwa na nani?

Kuna barua moja ambayo ikifika nyumbani huleta vigelegele kwa siku moja na mabishano kwa wiki nzima. Si barua ya posa wala ya kuitwa kortini. Ni ile inayomwarifu mwanao, ambaye yuko katika masomo ya shahada ya uzamili, kwamba amekubaliwa kwenda kufanya mafunzo ya kazini kwa miezi mitatu katika ofisi inayoshughulikia masuala ya jinsia na sera. Mama hushangilia. Baba huvaa miwani, akaisoma barua mara ya pili, na afikapo mstari wa mwisho huuliza swali ambalo kila mtu sebuleni alikuwa akiliogopa: "Sasa hawa watu wanalipa pesa ngapi?"

Mara nyingi jibu ni kwamba hawalipi chochote. Barua husema kwamba mwanagenzi atajigharimia usafiri, malazi na chakula, na kwamba atapata "tajriba yenye thamani kubwa". Baba hukunja barua, akaiweka juu ya televisheni, na mjadala huanzia hapo.

Kuna wasomi wanaolicheka swali hilo la baba wakidhani ni la mtu asiyeelewa mambo ya vyuo vikuu. Mimi naliona kuwa swali la maana kuliko yote. Anayelipa nauli ya mwanagenzi ndiye anayeamua ni nani atakayeketi pale sera zinapoandikwa. Na anayeketi pale ndiye anayeamua ni shida za nani zitakazotiwa katika karatasi.

Hebu kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Wapo wanaosikia neno "jinsia" wakadhani ni somo la kuwafundisha kina mama kugombana na waume zao. La hasha! Kazi ya mtu wa sera za jinsia ni kuutazama mpango wowote wa serikali, uwe wa barabara, hospitali, shule au kodi, na kuuliza: mpango huu utamfikiaje mwanamume, na utamfikiaje mwanamke? Je, kuna mmoja atakayeachwa nje bila mtu yeyote kukusudia?

Chukua mfano wa sodo. Mnamo 2004 Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa bidhaa hiyo, ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa duniani kufanya hivyo. Mnamo 2017 sheria ya elimu ya msingi ikafanyiwa marekebisho ili serikali iwape sodo bila malipo wasichana walio shuleni. Mambo kama hayo hayaanguki kutoka mbinguni kama mvua ya masika. Lazima mtu aketi chini, ahesabu hazina ya serikali itapoteza kiasi gani, awaulize wasichana wenyewe wanafanya nini siku hizo zikifika, kisha aandike yote kwa lugha ambayo waziri ataielewa kabla chai yake haijapoa.

Au tuchukue suala la saa za siku. Mnamo 2021 Shirika la Kitaifa la Takwimu lilifanya uchunguzi wa kwanza wa kitaifa kuhusu jinsi Wakenya wanavyotumia wakati wao. Ilibainika kwamba wanawake hutumia muda unaokaribia mara 5 ya ule wa wanaume katika kazi za nyumbani na za kuwatunza wengine, kazi ambazo hakuna anayezilipia. Sasa fikiria, msomaji, uchunguzi kama huo ungefanywa na watu ambao hawajawahi kubeba mtungi wa maji. Dodoso lisilouliza kuhusu kuchota maji, kutafuta kuni na kumwogesha mgonjwa litaandika kwamba mama fulani "hafanyi kazi yoyote", ilhali mama huyo ameamka saa kumi za alfajiri na hajaketi hadi saa nne za usiku.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Ikiwa ofisi za sera zitajazwa vijana ambao hawajawahi kukilalia kitanda hicho, basi kunguni hao hawatatajwa katika ripoti yoyote, hata ikiwa ripoti ina jalada la kung'aa na picha ya mama akitabasamu.

Sasa turudi kwa nauli. Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Tuseme binti anaishi Rongai na amepata nafasi katika ofisi iliyo Gigiri. Atapanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Tuseme anatumia shilingi 180 asubuhi na 180 jioni, yaani 360 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, hizo ni shilingi 7,920. Chakula cha mchana cha shilingi 200 kwa siku, hata akila kwenye kibanda cha mama anayeuza githeri, kitafika 4,400. Kodi ya chumba tuseme ni 8,000. Sabuni, sukari, mafuta ya taa au gesi, simu na mengineyo madogo madogo tuyape 4,000. Jumla ni shilingi 24,320 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu ni shilingi 72,960.

Hapo hatujanunua kiatu wala koti. Hatujagusa karo. Wala hatujasema chochote kuhusu mvua kubwa inyeshapo ghafla jioni na nauli ikapanda maradufu mara moja.

Basi ofisi inaposema kwamba nafasi yake iko wazi kwa kila mwanafunzi aliyehitimu, ukweli ni kwamba iko wazi kwa kila mwanafunzi ambaye kuna mtu wa kumpa shilingi 72,960. Yule ambaye shangazi yake ana nyumba Parklands ataipata. Yule ambaye babake ana gari la kumshusha mlangoni ataipata. Yule aliyetoka Mwingi au Kakuma, aliyefanya utafiti wake kuhusu wasichana wanaotembea kilomita nyingi kutafuta maji na ambaye angeifaa ofisi hiyo zaidi, ataandika barua ya kushukuru na kusema kwamba "kwa sababu zisizoweza kuepukika" hataweza kufika.

Aidha, tusisahau kwamba mwanafunzi wa uzamili si mtoto. Wengi wao wana kazi, na kuiacha kazi hiyo kwa miezi mitatu ni kupoteza mshahara. Wengine ni wazazi. Mama mwenye mtoto wa miezi minane akipata nafasi kama hiyo, nani atabaki na mtoto? Yaya naye anataka kulipwa. Utakuta basi jambo la kuchekesha na kusikitisha kwa wakati mmoja: ofisi inaandika ripoti ndefu kuhusu kazi ya wanawake isiyolipwa, na anayeiandika ripoti hiyo usiku na mchana ni msichana asiyelipwa!

Tatizo hili si la Kenya pekee. Mnamo Agosti 2015 magazeti ya dunia nzima yaliandika kuhusu kijana wa miaka 22 kutoka New Zealand ambaye alikuwa mwanagenzi katika Umoja wa Mataifa jijini Geneva, mojawapo ya miji ya gharama kubwa zaidi duniani. Kwa kuwa hakuwa akilipwa, alipiga hema karibu na ziwa akawa analala humo na kwenda ofisini asubuhi akiwa amevaa suti. Kisa hicho kilizua mjadala mkali. Baada ya hapo baadhi ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yalianza kuwapa wanagenzi wao posho, yakiwemo UNICEF na lile linaloshughulikia wanawake, UN Women. Hata hivyo, Sekretarieti yenyewe ya Umoja wa Mataifa iliendelea na utaratibu wake wa kutolipa. Kwa hivyo usidhani kwamba bendera ya buluu ni moja na malipo ni yale yale. Lisome tangazo la kila shirika kivyake.

Huko Marekani nako, Ikulu ya rais ilianza kuwalipa wanagenzi wake kwa mara ya kwanza mwaka wa 2022. Kabla ya hapo, kwa miaka na mikaka, vijana waliokuwa wakifanya kazi katika jengo hilo maarufu walikuwa ni wale ambao wazazi wao waliweza kuwalipia pango la Washington.

Vyuo vikuu vingine viliona mapema kwamba mlango huo ni mwembamba. Katika nchi za kaskazini mwaka wa masomo humalizika kati ya Mei na Juni, na wanafunzi wa uzamili huwa na miezi kama mitatu ya mapumziko, wakati ambapo kwao ni kiangazi na kwetu ni ile baridi ya Julai inayowafanya watu wa Limuru kuvaa makoti mawili. Badala ya kumwachia mwanafunzi mzigo wote, chuo humpa fedha za kujikimu ili aende kufanya kazi katika ofisi isiyokuwa na uwezo wa kumlipa. Mfano mmoja unaojulikana ni ule mpango wa wanawake na sera za umma wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulioanzishwa 1997 katika shule ya Harvard Kennedy, ambao umewahi kuwafadhili wanafunzi wa chuo hicho kwa kazi za likizo zinazohusu usawa wa jinsia.

Utaratibu wa ufadhili wa namna hiyo hufanana mahali pengi. Mwanafunzi hutafuta ofisi mwenyewe, akapata barua ya kukubaliwa. Kisha huandika maelezo mafupi: anaenda wapi, nani atamsimamia, atafanya kazi gani hasa, ataacha nini mezani akiondoka, na gharama zake ni hizi na hizi. Akirudi huandika ripoti. Jambo ambalo ningependa ulitilie maanani ni hili: fedha humfuata mwanafunzi. Hivyo basi hata shirika dogo la kina mama kule Kisumu au Kilifi, lisilo na senti ya kumlipa mtu, laweza kupata msaidizi msomi kwa miezi mitatu.

Ikiwa mwanao yuko ng'ambo, mkumbushe mambo mawili. La kwanza, aulize katika ofisi ya mkuu wa kitivo na katika kituo cha masomo ya jinsia cha chuo chake mapema sana, ikiwezekana kabla ya Januari, kwani anayengoja hadi Mei hukuta sufuria limeoshwa. La pili, ikiwa yuko Marekani kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, asianze kazi ya mafunzo katika nchi hiyo kabla ya kupata idhini kupitia ofisi ya chuo inayowashughulikia wanafunzi wa kigeni. Kosa dogo la karatasi laweza kumharibia masomo yote.

Na sisi tulio hapa nyumbani je? Hatuko mikono mitupu. Mnamo 2019 serikali ilianzisha mpango wa mafunzo ya kazini katika utumishi wa umma unaosimamiwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Ni wa miezi 12, na ulianza kwa posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi kwa wenye shahada. Ukirudi kwa hesabu yetu ya Rongai utaona kwamba posho hiyo ingebakisha shilingi 680. Si utajiri, lakini binti angefika kazini. Taasisi ya utafiti wa sera za umma, KIPPRA, nayo ina mpango wa kuwafunza wataalamu chipukizi ambao hulipwa posho wakijifunza kuchambua sera. Mipango hiyo haijatengewa masuala ya jinsia pekee, na hilo lisikuvunje moyo. Mtu aliyesomea jinsia anahitajika hata zaidi katika wizara ya kilimo au ya barabara kuliko katika ofisi ambayo kila mtu tayari amekwisha kusadiki.

Kazi nayo ipo tele. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, inataka sheria na hatua nyingine zichukuliwe ili watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Bunge lilishindwa kupitisha sheria hiyo mara kadhaa, hata Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, akamshauri rais mnamo Septemba 2020 alivunje. Bunge halikuvunjwa. Aidha, kuna kaunti 47, kila moja ikiwa na bajeti yake, na kila bajeti inahitaji mtu wa kuuliza ni shilingi ngapi zinazomfikia mama anayejifungua na ni ngapi zinazoishia kwenye viti vya ofisi.

Kwako wewe mwanafunzi, nina maneno machache. Ukipata nafasi, uliza kuhusu pesa bila kuona haya. Uliza kwa adabu: je, kuna posho, nauli au chakula cha mchana? Ikiwa hakuna, je, naweza kufika siku tatu kwa wiki ili siku nyingine nifanye kibarua? Je, baadhi ya kazi naweza kuifanyia nyumbani? Ofisi nyingi huwa hazijawahi kuulizwa. Uliza pia jina la atakayekusimamia na kazi utakayokabidhiwa. Ikiwa jibu ni kwamba "utasaidia hapa na pale", jua kwamba utapika chai na kutoa nakala za karatasi hadi siku ya mwisho.

Jihadhari na matapeli. Yeyote anayekuambia utume pesa kwa simu, iwe ni ada ya usajili, ya fomu au ya "uchunguzi wa kiafya", ili upewe nafasi ya mafunzo, huyo ni mwizi tu. Umoja wa Mataifa hautozi ada yoyote katika hatua yoyote ya kuomba kazi au mafunzo.

Jihadhari vile vile na mkubwa anayetaka kukulipia nauli kwa masharti ya gizani. Sheria ya ajira ya 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taratibu zilizoandikwa za kuzuia dhuluma za kimapenzi kazini. Siku ya kwanza, omba kuonyeshwa taratibu hizo. Ofisi inayohubiri haki za wanawake haiwezi kukasirika ikiulizwa. Ikikasirika, umekwisha kupata jibu lako. Na ikumbukwe kwamba msichana asiye na nauli ya kurudi nyumbani ni rahisi kutegewa mtego kuliko yule mwenye posho yake mfukoni.

Kwako wewe mzazi, nakuomba usikimbilie kusema hapana. Keti na mwanao mfanye hesabu kwenye karatasi, kama tulivyofanya hapa. Huenda pengo likawa dogo kuliko mlivyodhani. Pengine mjomba ana kitanda cha ziada Kangemi. Pengine chama chenu kinaweza kumkopesha. Katika nyumba nyingi, kijana wa kiume akipata nafasi mjini huuzwa mbuzi, lakini dada yake akipata nafasi iyo hiyo huambiwa asubiri kwanza, mama hajisikii vizuri na watoto wa kaka wanahitaji mtu wa kuwapikia. Huo nao ni uamuzi wa kisera, msomaji, ingawa umepitishwa jikoni na haukuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Na kwa kuwa jinsia si wanawake peke yao, mwanao wa kiume akichagua somo hili, usimcheke. Wavulana wanaoacha shule ili wachimbe mchanga wanamhitaji pia.

Na kwenu ninyi wakuu wa mashirika, vyuo na wizara: mkiandika pendekezo la kuwaomba wafadhili pesa za mradi, wekeni mstari mmoja wa posho ya mwanagenzi kabla ya kuweka ule wa kikao cha hotelini. Gharama ya chumba cha mkutano na vitafunio vya siku moja yaweza kumfikisha binti wa Rongai kazini kwa miezi kadhaa. Katika sehemu nyingi za nchi yetu neno posho lina maana ya unga pia, na maana zote mbili ni moja. Mtu hawezi kufikiri vizuri kuhusu njaa ya wengine huku tumbo lake mwenyewe likinguruma.

Basi ile barua ikifika nyumbani kwako, na baba akavaa miwani na kuuliza ni pesa ngapi, msimnyamazishe. Mpeni kalamu.